Nyumba Nayo Ifunguliwe Faili

Mtoto mwenye pumu anapofikishwa hospitalini usiku wa manane, hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, huwekwa chini ya uangalizi, na kunapopambazuka huruhusiwa kurudi nyumbani. Katika faili lake kila jambo limeandikwa: saa aliyofika, kiwango cha oksijeni katika damu yake, dawa aliyopewa na jina la aliyempa. Endapo nyumba anayorejea ina kuta zenye unyevu, kuvu iliyotanda nyuma ya kitanda na dirisha lisilofungika, baada ya majuma machache atarudishwa wodini, na kurasa mpya zitaongezwa katika faili lilelile. Mgonjwa ana faili. Nyumba iliyomrudisha hospitalini haina.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kutambua kwamba nyumba mbovu huzaa maradhi na umaskini kwa pamoja kumezifanya serikali zibebe kazi ambayo zamani iliachiwa mwenye nyumba. Kazi yenyewe ni kuziba nyufa zinazopitisha upepo, kutandaza vihami joto darini na ndani ya kuta, kutengeneza au kubadilisha tanuru la kupashia nyumba joto, na kuweka feni za kutolea nje hewa chafu na unyevu. Kwa kuwa wanaoihitaji zaidi ni maskini, wazee na watu wenye ulemavu, gharama hulipwa kutoka mfuko wa umma. Marekani ilianzisha mpango wake wa kuhami nyumba za watu wa kipato cha chini mwaka 1976, wakati athari za mgogoro wa mafuta wa 1973 zilipokuwa bado zinawaelemea wananchi. Tangu hapo nyumba zaidi ya milioni 7 zimehudumiwa. Fedha hutoka serikali kuu kupitia Wizara ya Nishati, hupita mikononi mwa majimbo, hufika kwa wakala wa eneo, kisha kwa mkandarasi anayepanda darini. Mkazi wa nyumba husimama mwisho wa mnyororo huo mrefu.

Ugumu wa kazi ya namna hii ni kwamba hufanyika mahali pasipoonekana. Barabara ikijengwa vibaya, kila mpita njia huliona shimo. Kihami joto kilichowekwa pungufu nyuma ya ukuta hakionwi na yeyote mpaka majira ya baridi yawadie, na hata hapo mkazi hujua tu kwamba bado anatetemeka. Ndiyo sababu serikali nyingi zimegeukia programu za mtandaoni ambamo maombi, vipimo, makadirio, picha, ankara na ripoti za ukaguzi hukusanywa pamoja, ili kila ngazi ya mnyororo ione kinachofanywa na ngazi nyingine. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, uwazi unaofuata nyayo za fedha peke yake ni nusu ya uwazi. Mfumo wa kusimamia kazi hizi utawafaa wananchi pale tu utakapojengwa kama faili la mgonjwa: uanze na uchunguzi, uoneshe tiba, urekodi matokeo, na usifungwe kabla ya kumsikiliza anayeishi ndani ya nyumba hiyo.

Nyumba ni tiba, na kila tiba ina madhara yake

Kwamba ukarabati wa nyumba ni tiba halisi si jambo la kukisia tena. Nchini New Zealand, Philippa Howden-Chapman na wenzake walizifuatilia kaya 1,350 katika jamii saba, wakagawa kwa bahati nasibu zipi zihamiwe kwanza na zipi zisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Joto la vyumba vya kulala lilipanda kidogo tu na unyevu ukapungua, lakini wakazi wa nyumba zilizohamiwa waliripoti kukoroma kwa kifua kuchache zaidi, siku chache zaidi za watoto kukosa shule na za watu wazima kukosa kazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu makazi na afya, likapendekeza kwamba katika nchi za baridi joto la ndani ya nyumba lisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi. Kwa hiyo fundi anayeziba ufa wa dirisha anafanya kazi ambayo daktari angependa kuiandika katika cheti cha dawa.

Lakini kila tiba inayofanya kazi inaweza pia kudhuru. Nyumba iliyozibwa barabara huhifadhi joto, na huhifadhi vilevile kila kilichomo ndani yake. Tanuru bovu lililokuwa likitoa kaboni monoksaidi ndani ya nyumba yenye nyufa huwa hatari zaidi nyufa zile zinapozibwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu, nazo hufanana mno na mafua makali kiasi kwamba mgonjwa huambiwa akapumzike nyumbani, yaani arudi palepale penye sumu. Hali kadhalika unyevu wa jikoni na bafuni usio na njia ya kutokea hugeuka kuwa kuvu, na mwenye pumu huishia pabaya kuliko alikoanzia.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa fani hii hawaanzi na kuziba. Huanza na kupima. Feni kubwa hufungwa katika mlango wa mbele, hewa ikanyonywa nje hadi tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ifikie paskali 50, na kiasi cha hewa kinachopenya kupitia nyufa kikahesabiwa. Tanuru na majiko hupimwa kama yanatoa gesi ya sumu. Kazi ikiisha, vipimo vilevile hurudiwa. Nchini Marekani, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge iliyoko Tennessee ilitengeneza programu ya kompyuta inayopokea vipimo hivyo na kukokotoa ni matengenezo yapi yatakayookoa fedha nyingi kuliko gharama yake. Huu ni uchunguzi wa kitabibu kwa jina lingine: kuna historia, kuna vipimo, kuna uamuzi wa tiba, kuna kipimo cha marudio. Swali ni kama yote hayo yanaandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyasoma.

Kasi ya malipo na vifo vya Australia

Mfano wa Australia unaonesha kinachotokea pale mfumo unapojengwa kwa ajili ya kulipa haraka. Februari 2009, katika jitihada za kuukabili msukosuko wa uchumi wa dunia, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kulipia vihami joto vya madarini katika nyumba za wananchi. Malengo yalikuwa mawili, kuhami nyumba na kuzalisha ajira, na la pili lilidai haraka. Kuanzia Julai mwaka huo mkandarasi aliweza kudai malipo yake moja kwa moja, na madai hayo yalishughulikiwa na Medicare Australia, taasisi ileile iliyokuwa ikilipia wananchi huduma za madaktari. Mashine ya malipo ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Nyumba zaidi ya milioni 1 zikahamiwa katika muda usiotimiza mwaka.

Kilichokosekana ni kila kitu kinachotangulia malipo. Sharti la kwamba kila fundi awe amepata mafunzo lililegezwa, ikatosha kwamba yupo msimamizi. Kampuni zisizokuwa na uzoefu zikajitokeza kwa wingi. Kati ya Oktoba 2009 na Februari 2010 vijana wanne walipoteza maisha wakiwa kazini: watatu walipigwa na umeme katika madari ya Queensland, na mmoja aliuawa na joto kali huko New South Wales. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 16. Visa vingi vya moto wa nyumba vilihusishwa na kazi hizo. Februari 19, 2010, mpango ukasitishwa, na mwaka 2014 tume ya kifalme ya uchunguzi ikatoa ripoti yake iliyolaumu namna ulivyosimamiwa.

Daktari yeyote anayesoma kisa hicho atakitambua. Ni hospitali yenye dirisha bora la kupokelea fedha lakini isiyo na chumba cha uchunguzi. Mfumo ulijua nani amelipwa, kiasi gani na lini. Haukujua kama waya wa umeme uliopita chini ya karatasi ya alumini ulikuwa umezimwa kabla ya kijana kuigongomea pini ya chuma. Jambo hilo halikuwa na nafasi katika fomu, na kwa mfumo wa kompyuta, kisicho na nafasi katika fomu ni kama hakipo.

Takwimu zikianikwa, makosa huonekana

Mwaka huohuo wa 2009, Marekani nayo ilitenga dola bilioni 5 za nyongeza kwa ajili ya kuhami nyumba, zikiwa sehemu ya sheria ya kufufua uchumi. Pamoja na fedha hizo likaja sharti ambalo halikuwa la kawaida: kila aliyepokea sehemu ya fedha za ufufuaji alitakiwa kutoa taarifa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa zikawekwa wazi katika tovuti iliyoundwa kwa kazi hiyo. Haikuchukua muda aibu ikajitokeza. Novemba 2009 waandishi wa habari na wananchi waligundua kwamba taarifa zilionesha ajira zilizozalishwa katika majimbo ya uchaguzi yasiyokuwapo. Waliojaza fomu walikuwa wameandika namba za kubuni au za makosa, na mfumo ukazipokea.

Wapo waliokitumia kisa hicho kuubeza uwazi wenyewe. Hukumu hiyo si ya haki. Makosa ya aina ile yamekuwa yakifanyika tangu fomu zianze kujazwa, tofauti ni kwamba zamani yalizikwa kabatini. Yalipoanikwa yalionwa, na yalipoonwa yakasahihishwa. Mganga haulaumu mwanga wa taa kwa kidonda alichokiona.

Hata hivyo kisa hicho kilifundisha jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Tovuti ile ilionesha fedha na ajira, haikuonesha hali ya nyumba. Nyumba zilionekana kwa njia nyingine, ya kale na ya polepole: wakaguzi walikwenda kugonga milango. Mwaka 2010 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Nishati kuhusu kazi zilizofanyika Illinois ilieleza kwamba, katika nyumba chache zilizotembelewa, nyingi zilikuwa zimeshindwa ukaguzi wa mwisho kwa sababu ya ufundi duni, na kwamba baadhi ya matanuru yaliyodaiwa kurekebishwa yalikuwa yakitoa kaboni monoksaidi kupita kiwango kinachokubalika. Hesabu za fedha za nyumba hizo zingeweza kuwa safi kabisa. Mtu angeweza kufa ndani ya nyumba ambayo ankara yake haina kosa hata moja.

Baada ya hapo masharti yaliimarishwa. Leo kila nyumba inayokamilika chini ya mpango huo wa Marekani lazima ikaguliwe na mkaguzi mwenye cheti cha udhibiti wa ubora kabla ya kuhesabiwa kuwa imekamilika, na jimbo hutakiwa kurudia ukaguzi wa sehemu ya nyumba hizo. Ni mabadiliko yanayostahili sifa, kwa sababu yameyarudisha macho ya binadamu mahali ambapo takwimu zilikuwa zimeachwa peke yake.

Picha nyingi, macho machache

Atakayedhani kwamba somo hilo limekwisha kueleweka duniani kote na aitazame Uingereza. Huko, mpango wa kuhami nyumba umeendeshwa kwa amri ya serikali, na gharama zake ziliingizwa katika ankara za nishati za wananchi wote. Kazi zilitakiwa kusajiliwa katika kanzidata pamoja na nyaraka zake. Palikuwa na kampuni za kutoa vyeti, palikuwa na taasisi za kuzisimamia kampuni hizo, na juu yao palikuwa na mdhibiti. Oktoba 2025, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa vihami kwenye kuta za nje chini ya mipango miwili ya karibuni zilikuwa na kasoro zinazohitaji kurekebishwa. Kwa vihami vya kuta za ndani ilikuwa asilimia 29. Zaidi ya hapo, mdhibiti wa nishati alikadiria kwamba madai ya kughushi yaliwasilishwa kwa nyumba kati ya 5,600 na 16,500.

Hapa hapakukosekana kompyuta. Kilichokosekana ni mtu mwenye sababu ya kuuliza. Mkandarasi alijaza fomu, mtoa cheti akaipokea, kampuni ya nishati ikaihesabu, mdhibiti akaijumlisha. Kila mmoja aliuona mfumo, na kila mmoja alidhani mwenzake ameiona nyumba. Mtu pekee aliyeiona nyumba kila siku, aliyeona maji yakipenya na kuta zikianza kubadilika rangi, ni mkazi. Na kwa kawaida yeye ndiye asiyekuwa na mlango wa kuingilia katika kumbukumbu zinazohusu kuta zake mwenyewe.

Mifano hii mitatu ina fundisho moja. Australia ilikuwa na mfumo wa malipo usio na uchunguzi. Marekani ilikuwa na uwazi wa fedha usio na nyumba. Uingereza ilikuwa na nyaraka za nyumba zisizo na mkazi. Mfumo unaofaa sharti uviunganishe vitu vyote vitatu.

Faili hilo liwe na nini

Kwanza, kila nyumba iwe na faili moja tangu siku ombi linapopokelewa, nalo lioneshe foleni. Mpango wa Marekani huwapa kipaumbele wazee, watu wenye ulemavu na familia zenye watoto, lakini mwombaji anayengoja miezi mingi hana njia rahisi ya kujua kama foleni inafuatwa. Mfumo wa mtandaoni unaweza kumwonesha nafasi yake bila kumwonesha jina la aliye mbele yake. Upendeleo hustawi pale ambapo foleni haionekani.

Pili, faili lioneshe waliokataliwa na sababu yake. Jambo hili husahaulika mno. Nyumba yenye paa linalovuja, nyaya za umeme zilizochakaa au msingi uliooza huahirishwa, kwa kuwa kuihami kabla ya kuirekebisha ni hatari. Uamuzi huo ni sahihi kitaalamu. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba waliomo katika nyumba mbovu kuliko zote ndio wanaorudishwa mikono mitupu, na takwimu za nyumba zilizokamilika haziwataji. Wizara ya Nishati ya Marekani ilianza mwaka 2022 kutoa fungu maalumu la kuziandaa nyumba za aina hiyo. Ukubwa sahihi wa fungu hilo hauwezi kujulikana ikiwa waliokataliwa hawahesabiwi. Hospitali inayotangaza idadi ya waliopona bila kutaja waliofukuzwa mlangoni haijasema ukweli.

Tatu, vipimo vya kabla na baada viwekwe ubavu kwa ubavu, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka kipimo cha pili kiwepo. Picha peke yake haitoshi, kwani picha ya dari moja inaweza kuwasilishwa kwa nyumba kumi. Namba ya hewa inayopenya, kiwango cha kaboni monoksaidi na uwezo wa feni ya bafuni ni vigumu zaidi kughushiwa kwa muda mrefu, hasa pale mkaguzi wa pili anapoweza kuchagua nyumba yoyote bila taarifa na kurudia vipimo hivyo.

Nne, mkazi awe na ufunguo wa faili lake. Aone kilichopangwa kufanywa kabla ya fundi kufika, kwa maneno yanayoeleweka, athibitishe kilichofanywa, na awe na haki ya kulifungua upya faili baada ya majira ya kwanza ya baridi. Malalamiko yake yaonekane papo hapo kwa wakala, kwa jimbo na kwa mkaguzi, yakiwa na tarehe yasiyoweza kufutwa. Katika tiba, mgonjwa hutia saini ridhaa baada ya kuelezwa, na hurudi kliniki kuangaliwa. Hakuna sababu ya kumpa mwenye nyumba chini ya hapo.

Sharti hili la nne lina upande wa lugha ambao wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kuuzingatia. Makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makazi Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Wapo wanaoishi katika maeneo ya baridi kali kama Maine, katika nyumba kongwe za kupanga. Bibi aliyekulia Kivu, anayeletewa fomu ya Kiingereza na fundi mwenye haraka, atatia saini kwa heshima tu. Atakapoumwa kichwa kila asubuhi hatajua kwamba maumivu hayo yanaweza kuhusiana na tanuru lililoko chini ya sakafu yake. Uwazi ulioandikwa kwa lugha asiyoijua mhusika ni pazia jingine.

Tano, faili liulize kuhusu afya. Je, mtoto amelazwa mara ngapi tangu kazi ikamilike? Je, mzee bado analala na koti? Maswali machache yaliyoulizwa kabla ya kazi na mwaka mmoja baadaye, kwa ridhaa ya mkazi, yangewapa watafiti na wabunge kitu ambacho ankara haiwezi kuwapa. Nishati iliyookolewa ni hoja nzuri ya kuitetea bajeti. Usiku ambao mtoto amelala bila kukohoa ni hoja bora zaidi, nayo hupotea kwa kukosa kuandikwa.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni la usiri, nalo ni zito. Kuonesha hadharani kwamba nyumba fulani imepata msaada ni kutangaza kwamba waliomo ni maskini, pengine wagonjwa. Wezi na matapeli watafurahi. Jibu lake lipo katika mazoea ya hospitali. Faili la mgonjwa husomwa na mgonjwa na wanaomtibu. Takwimu za wodi huchapishwa bila majina. Kadhalika, umma uoneshwe idadi, gharama, muda wa kusubiri, kazi zilizoshindwa ukaguzi na majina ya makandarasi waliozifanya, lakini anwani na maradhi ya mkazi vibaki kwa mkazi na wanaomhudumia. Wanaopokea fedha za umma kwa biashara hawana haki ya kujificha nyuma ya usiri wa maskini.

Pingamizi la pili ni kwamba wazee wengi hawatumii intaneti. Ni kweli, na kwa hiyo mfumo usimtegemee mzee kuwa na simu ya kisasa. Nakala ya karatasi, simu ya kawaida ya kuuliza hali yake, au mhudumu wa afya wa eneo anayemtembelea vinaweza kumwingizia majibu yake. Faili la hospitalini nalo huandikwa na muuguzi kwa niaba ya asiyejua kusoma, na halipungui thamani.

Pingamizi la tatu ni la gharama na ucheleweshaji: kila fomu ya nyongeza ni nyumba moja isiyohamiwa. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa mafundi na wakala wadogo tayari huelemewa na makaratasi. Lakini mzigo mkubwa hutokana na kuandika taarifa ileile mara nne kwa ngazi nne. Mfumo mmoja unaojazwa mara moja na kusomwa na wote hupunguza kazi. Zaidi ya hayo, gharama ya kubomoa kuta na kuzijenga upya, kama Uingereza inavyolazimika sasa, huizidi kwa mbali gharama ya kupima kabla ya kulipa.

Funzo kwa nchi zisizo na theluji

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kujiuliza haya yote yanamhusu nini, naye anasumbuliwa na joto. Yanamhusu kwa sababu nyumba ni chanzo cha maradhi hata mahali ambapo maji hayagandi. Mbu wa malaria huingia kupitia upenyo ulioko kati ya ukuta na paa. Moshi wa kuni hukaa jikoni palipokosa dirisha. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulionesha kwamba kuweka nyavu milangoni, madirishani na darini kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Ushahidi wa namna hiyo ukiendelea kukusanyika, ipo siku serikali za Afrika Mashariki zitaombwa kulipia nyavu, dari na madirisha ya wananchi kama zinavyolipia chanjo.

Tanzania haianzi mikono mitupu. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na zabuni zinazoonekana ni bora kuliko zilizojadiliwa faraghani. Lakini mfumo wa zabuni huishia pale mkandarasi anapopatikana na kulipwa. Hauwezi kusema kama wavu ulichanika baada ya mwezi, kama upenyo wa pembeni uliachwa wazi, au kama mama wa nyumba aliulizwa lolote. Hayo yatahitaji faili la nyumba, na ni nafuu kulibuni sasa, kabla fedha hazijaanza kumwagika, kuliko kulidai baadaye mbele ya tume ya uchunguzi.

Wataalamu wa afya wana sehemu yao katika jambo hili. Wahandisi watajua namna ya kupima hewa na wahasibu watajua namna ya kupima fedha. Desturi ya kumwandikia kila mtu historia yake, kumuuliza alivyolala na kumwita arudi aangaliwe, ni ya hospitali. Mpango wowote wa umma wa kurekebisha nyumba unapoandaliwa, wauguzi na madaktari wakae mezani tangu siku fomu zinapotungwa, na waulize swali ambalo mkandarasi na mweka hazina hawana sababu ya kuliuliza: mtoto aliyekuwa akilala katika chumba kile, sasa anaendeleaje?